Redio ndogo ya wati 5: wiki tatu naita CQ (wito kwa yeyote anayesikia), hakuna anayeitika. Niuze?

Mgeni_wa_HF
Wakuu, salaam.

Leseni ya redio ya ridhaa nimeipata mwaka jana, ila muda wote huo nilikuwa na redio ya mkononi ya VHF tu, ya masafa ya karibu. Nikajinyima weee, hatimaye nimenunua IC-705, redio ya Icom ya HF, yaani mawimbi mafupi yanayofika mbali. Ukiishika unaweza kudhani ni kitu cha kuchezea: kilo 1 na ushee, kioo cha kugusa, betri inabandikwa mgongoni. Nilinunua hiyo makusudi kwa sababu nataka redio ya kutembea nayo, siyo ya kufunga mezani.

Sasa tatizo. Natumia antena ya fimbo ya kuvuta, mita moja na nusu hivi, inasimama pale pale karibu na redio, na katikati nimeweka tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na redio) maana redio yenyewe haina ya ndani. Naweka juu ya meza, natafuta bendi ya mita 40 jioni, tyuna inalialia kidogo kisha inaniambia SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio, 1 ndiyo bora) 1.2. Safi kabisa. Naita kwa sauti: CQ, CQ, CQ. Kimya. Wiki tatu, wakuu!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu nawasikia. Juzi kuna mmoja aliingia 59 (yaani anaeleweka kabisa, nguvu 9), nikamwita mara sita, naye anaendelea kuita CQ kana kwamba sipo duniani. Rafiki yangu mwenye redio ya wati 100 ananicheka, anasema wati 5 ni za kuwashia taa.

Naomba ushauri: ninunue amplifaya, au niuze nichukue redio kubwa?

Kilowati
Uza. Mimi nilipita huko huko. Hizi redio ndogo ni nzuri kwenye picha. Ukiwa na wati 100 watu wanakusikia, ukiwa na 5 unaongea peke yako. Au kama unaipenda sana, nunua amplifaya. Njoo inbox tuongee.

MamaAntena
Mgeni, usinunue chochote na usiuze chochote mpaka umalize kusoma hapa.

Tufanye hesabu. Kutoka wati 5 kwenda wati 100 ni desibeli 13. Pointi moja ya mita ya S, ile ya kupima nguvu ya anayesikika, inahesabiwa desibeli 6. Maana yake ukimpigia mtu kwa wati 100 akakusoma 59, ukishusha hadi wati 5 kwa antena ile ile atakusoma kama 57. Saba! Mtu wa 57 unamsikia huku umeegemea kiti. Kwa hiyo wati zako siyo ugonjwa.

Ugonjwa ni hiyo fimbo. Robo ya wimbi kwenye mita 40 ni mita 10 za waya. Wewe una moja na nusu, halafu haina nusu yake ya pili: hakuna waya wa chini, hakuna chochote. Nusu ya pili ya antena yako kwa sasa ni boksi la redio, waya wa maikrofoni na mkono wako. Sehemu kubwa ya hizo wati 5 inaishia kupasha joto koili na tyuna.

Na hiyo SWR 1.2 isikudanganye. Ukichomeka mzigo bandia, yaani kipinga cha omu 50 ndani ya kopo, utasoma SWR nzuri kuliko hiyo na hakuna mtu hata wa jirani atakayekusikia. Tyuna kazi yake ni kuibembeleza redio isilalamike. Antena inabaki vile vile.

Nikuulize: una nafasi ya kutundika mita 10 za waya?

Mgeni_wa_HF
Dada MamaAntena, asante sana, hapo kwenye mzigo bandia nimecheka halafu nikanyamaza.

Nafasi ipo kidogo. Kuna mti mmoja mbele ya nyumba. Dipoli (antena ya waya wenye pande mbili) ya bendi ya mita 40 inataka mita 20 za waya, hazitaenea. Waya nitumie upi? Na urefu mnakataje bila kifaa cha kupimia?

MamaAntena
Achana na bendi ya mita 40 kwa sasa. Nenda bendi ya mita 20. Mchana inafika mbali na antena yake ni nusu.

Waya wowote wa shaba wenye ganda utafaa, hata wa spika uliopasua katikati. Kanuni ni 143 gawa kwa megahezi, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 14.2 ni mita 10.07, kila upande 5.03. LAKINI usikate hapo. Kata 5.3 kila upande, maana waya ukishakatwa hauoti. Tundika katikati juu kadiri unavyoweza, mita 5 au 6, miguu miwili ishuke kama V iliyopinduliwa, ncha zifungwe kwa kamba ya nailoni.

Kifaa cha kupimia unacho tayari. Hiyo redio yako ina menyu ya kuchora grafu ya SWR. ONDOA TYUNA kwanza, la sivyo unapima tyuna. Utaona bonde la grafu liko chini ya 14, huenda 13 na kitu. Kila sentimita 5 unazopunguza kwa kila upande, bonde linapanda kilohezi 140 hivi. Mwanzoni kunja tu ncha, izungushie kwenye waya wenyewe. Ukiridhika ndipo ukate.

Kebo: zile nyembamba za RG-174 ni nyepesi begini, ila mita 10 zake kwenye bendi hiyo zinakula desibeli moja na kidogo. Kwa safari sawa. Kwa nyumbani tumia RG-58. Karibu na antena pitisha kebo kwenye pete ya feraiti mizunguko minane au kumi, ili ganda la kebo lisigeuke mguu wa tatu wa antena.

Na ncha za waya ziwe mahali ambapo mtoto au mpita njia hafiki. Ukirusha, pale mwisho ndipo penye volti nyingi, hata kwa redio ndogo. Mawingu ya radi yakijikusanya, chomoa na uondoke.

MzeeWaNukta
Kijana wangu, MamaAntena amekupa dawa, mimi nakupa jinsi ya kuinywa.

Kosa lako la pili ni kuita CQ. Mwenye wati 5 haiti, anawinda. Zungusha kitufe polepole, tafuta mwenye sauti nene anayeita, subiri amalize na mtu wake, mwite mara moja kwa kolsaini yako (jina lako la redio) kamili, nyamaza. Kama amezungukwa na watu ishirini, mwache, rudi baada ya nusu saa wakiwa wameisha. Wikiendi za mashindano ya kupata mawasiliano mengi ndizo sikukuu zako: wale wenye minara ya antena wanakaa saa nzima wanabembeleza mtu yeyote awaitikie, na wana masikio ya popo. Hapo wati 5 ni tajiri.

Halafu sikiliza kelele. Kwenye kioo mita ya S inasimama ngapi wakati hakuna anayeongea? Mimi nilikaa miezi naamini bendi imekufa, kumbe ni chaja ya simu iliyochomekwa nyuma ya kabati. S7 ya mvumo mtupu. Huenda watu wanakujibu na wewe huwasikii. Weka redio kwenye betri, zima chaja, taa za LED, kila kitu, kimoja kimoja, huku jicho liko kwenye mita.

Na Morse. Najua vijana hamtaki. Sauti inachukua upana wa kilohezi mbili na nusu hivi, Morse inatosha kwenye hezi mia chache, na sikio la mtu linaichomoa chini ya kelele ambapo sauti imeshazama. Wati 5 za Morse ni kitu kingine kabisa. Nenda karibu na 14.060, ndipo wenye redio ndogo hukutana. Ukiita CQ pale kwa Morse, kuna vipokezi vya Reverse Beacon Network vinavyosikiliza dunia nzima vyenyewe. Dakika haiishi, kolsaini yako inatokea kwenye tovuti yao pamoja na desibeli ulizosikika. Hakuna kipimo bora cha antena kwa mtu asiye na rafiki wa kumuuliza.

Dijitali_74
Mzee shikamoo. Mimi niseme la FT8, mfumo wa kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kwa redio, najua utanichapa.

Mgeni, redio yako na kompyuta vinaunganishwa kwa waya mmoja wa USB, sauti na amri vyote vinapita humo. Masafa ni 14.074. Mfumo huu ulitoka 2017, herufi F na T ni za Franke na Taylor; Taylor ndiye Joe Taylor wa Nobel ya fizikia ya 1993. Kila zamu ni sekunde 15, kwa hiyo saa ya kompyuta isipishane hata kwa sekunde mbili. Nje bila intaneti chukua saa kutoka GPS, redio yako inayo ndani.

Tahadhari mbili. Ukiwa zamu yako unarusha karibu sekunde 13 mfululizo bila kupumua, redio ndogo haina feni, inapata moto mgongoni. Shusha nguvu. Na sauti ya kompyuta isiwe kubwa mpaka ALC (kidhibiti cha nguvu ya kurusha) ipande, utachafua bendi ya wenzako.

MzeeWaNukta
Marahaba. Kompyuta mbili zinasalimiana, ninyi mmekaa mnatazama. Lakini kwa kupima antena nakubali, inafaa.

BegiZito
Nimechelewa kufika, nilikuwa mlimani (kweli).

Hakuna aliyegusa suala la kutembea nayo na ndicho alichonunulia. Mgeni, redio ni kilo 1. Begi langu ni kilo 6. Hizo tano nyingine ni waya, kebo, betri, ufito, kamba, maikrofoni, maji. Mara ya kwanza nilipanda kwa muda wa saa mbili, nikatandika kila kitu, antena imesimama kama mnara wa meli... maikrofoni nimeiacha mezani nyumbani. Tangu siku hiyo inalala ndani ya mfuko wa redio, haitoki.

Ufito wa kuinulia waya: tafuta wa kuvulia samaki, wa faiba glasi, mita 6 au zaidi. Usichukue wa kaboni, kaboni inapitisha umeme na itakuvuruga antena.

Betri: ya mgongoni inakupa wati 5. Ukiingiza volti 13.8 kutoka nje, redio hiyo inakubali wati 10. Ni desibeli 3, nusu ya pointi ya S, usitegemee muujiza. Faida kubwa ni muda. Mimi nina ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya ampia-saa 6. Redio ikisikiliza inakula chini ya nusu ampia, ikirusha wati 10 inakaribia 3, na kwenye sauti hurushi muda wote. Mchana mzima unapita. Ila weka FYUZI na vichomeko visivyoweza kugeuzwa. Niliwahi kugeuza chanya na hasi gizani kwenye redio yangu ya zamani. Harufu ile bado naikumbuka.

Kioo juani hukioni vizuri, kaa kivulini au kitie kivuli kwa kofia. Na usiache kebo nzito ikining'inia kwenye tundu la antena (BNC). Ifunge kwanza kwenye begi, upepo ukivuta uvute begi.

Ukizoea, jiunge na SOTA, mpango wa kurusha ukiwa vileleni ulioanza 2002. Ukipata mawasiliano manne kileleni pointi ni zako. Utamu wake ni kwamba wawindaji wanajua una redio ndogo, wanakutafuta wao.

Mgeni_wa_HF
Wakuu, nimerudi na ripoti. Siku tisa zimepita.

Nilikata 5.3 kama nilivyoambiwa. Bonde la kwanza likasimama 13.3. Nikakunja, nikapima, nikakunja, nikapima, jirani akaja kuuliza kama natega ndege. Mwisho kila upande umebaki mita 4.96 na bonde limekaa 14.2, SWR 1.3 bila tyuna. Tyuna iko kwenye droo.

Kelele: S7. Nikazima kimoja kimoja. Haikuwa chaja ya simu, ilikuwa ya kompyuta mpakato, ile ile ambayo nilikuwa naiweka pembeni ya redio kila jioni nikisoma kumbukumbu zangu. Nilipochomoa, mita ikaanguka mpaka S2, nikadhani nimeharibu redio. Chini yake kulikuwa na watu!! Watu wamejaa, wa kunong'ona, ambao sijawahi kuwasikia.

Morse siijui vizuri bado, lakini niliandika CQ na kolsaini kwenye kumbukumbu ya redio nikabonyeza. Mzee, vipokezi vinne. Kimoja kiko bara jingine, desibeli 9. Nilikaa nautazama ule mstari mmoja kama picha ya mtoto.

Kisha sauti. Jumamosi kulikuwa na mashindano. Kuna bwana mmoja anaita, mnene, hakuna anayemjibu. Nikamwita mara moja nikanyamaza. Akasema nusu ya kolsaini yangu na neno "again". Mikono ilikuwa inatetemeka, nikarudia. Akaipata yote, akanipa 59 kama wanavyompa kila mtu kwenye mashindano, akaenda zake. Sekunde kumi na tano labda. Mpaka Jumapili jioni nilikuwa nimefikisha kumi na moja.

Swali dogo sasa: kibonyezo cha Morse cha kuanzia, kile cha kugonga juu chini au cha vidole viwili?

MzeeWaNukta
Cha vidole viwili, redio yako itapanga nukta na mistari yenyewe. Kesho saa za mchana nitakuwa 14.060, nitapiga polepole. Usiogope kukosea.

Kilowati
Hongera mkuu. Kwa hiyo ile amplifaya nisikuwekee?

Mgeni_wa_HF
Usiniwekee mkuu. Ila kama una pete za feraiti, hizo nachukua.