Ukoo wa Isabel de Clare: je, ulikatika?

Mama wa Katuba: Bandugu, nimechora ukoo huu wa Isabel, bibi mkubwa wa Uingereza ya zamani, kwenye daftari la hesabu la mwanangu mpaka biki ikaisha wino. Baba yake Isabel ni Richard de Clare, aliyeitwa Strongbow. Mama yake ni Aoife, binti wa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster huko Ayalandi. Mwaka 1189 Isabel aliolewa na William Marshal, shujaa wa vita wa Uingereza, wakazaa wavulana watano na wasichana watano. Wavulana wote watano walirithi kwa zamu, na hakuna aliyeacha mtoto wa ndoa! Walter na Anselm walifuatana mwishoni mwa 1245. Roho iliniuma, kaka na mdogo wake kaburini kabla ya mwaka kuisha. Sasa ukoo ulikatika?

Papa wa Kamalondo: Mama, jina la Marshal ndilo lililokatika, damu hapana. Kwa sheria ya Uingereza ya enzi hizo, mwana wa kiume wa kwanza alichukua yote. Wana wa kiume walipokosekana, mabinti waligawana sawasawa. Ardhi ikaenda kwa mabinti wale watano, Maud, Isabel, Sibyl, Eva na Joan, au kwa watoto wao. Pembroke yenyewe, eneo la ukoo huo huko Wales, ilifika kwa binti wa Joan, aliyeolewa na William de Valence. Sisi Babemba tunaohesabu ukoo kwa mama hatushangai.

Mama wa Katuba: Asante, papa. Nimefuata mstari wa yule binti aliyeitwa Isabel kama mama yake: kwa Isabel mama, anakuja mjukuu, kitukuu, halafu kilembwe, Robert Bruce, mfalme wa Uskoti! Nimemzungushia duara.