Machipuko yameingia: tupeane uzoefu wa kulinda mbwa, paka na wanyama wengine wa nyumbani

Mama Paka

Wakuu, habari zenu. Kwa tunaoishi kwenye nchi zenye majira manne, baridi inaachia, nyasi zinaota, na madirisha yaliyofungwa kwa miezi sasa yanafunguliwa. Wanyama wetu wanafurahi, lakini ukimuuliza daktari wa mifugo atakwambia huu ndio wakati anaoletewa waliokula sumu, waliojaa kupe, walioumwa na nyuki, na paka walioanguka kutoka ghorofani. Naomba mwenye kisa alichokishuhudia atuwekee hapa, na aeleze dalili ya kwanza aliyoiona na alichofanya saa ile ile. Mnyama hawezi kusema panapouma, hivyo dalili ya mwanzo ndiyo lugha yake.

Naanza mimi. Dada yangu aliletewa shada lenye lili, yale maua makubwa meupe yenye chavua ya rangi ya chungwa inayoshika kwenye nguo. Paka wake hakutafuna ua lolote. Alipita chini ya meza, chavua ikamdondokea mgongoni, akajilamba kama paka wote wanavyojilamba. Jioni akatapika, akajikunyata chini ya kitanda, chakula hataki. Nilikuwa pale, nikaona unga ule kwenye manyoya yake. Tukamfunga kwenye taulo asiendelee kujilamba, tukambeba pamoja na tawi la ua lenyewe hadi kliniki ya dharura. Daktari alipoliona tu, alimwekea dripu kabla hata hatujamaliza kueleza.

Alichotufundisha sitakisahau. Kwa paka, kila sehemu ya lili ni sumu: petali, jani, shina, chavua, hata maji ya kwenye chombo. Figo huanza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Kinachowaponza wengi ni kwamba baada ya kutapika mwanzoni, paka anaweza kutulia akaonekana amepata nafuu, na mwenye paka akaghairi kwenda kliniki. Dripu ikianza mapema, ndani ya saa 18 hivi, matumaini ni makubwa. Figo zikishaacha kutoa mkojo, kumrudisha ni kazi ngumu mno. Paka wa dada alipona, na damu yake ilirudiwa kupimwa hadi daktari aliporidhika.

Mbwa akila lili anaweza kutapika, lakini figo zake hazipati madhara hayo. Ndiyo maana mwenye mbwa anaweza kukuhakikishia kwa moyo safi kwamba ua halina shida, nawe una paka.

Fundi Bustani

Ahsante dada kwa kufungua mada. Mimi nina mbwa na bustani, na vitu hivi viwili vinahitaji mtu wa kuvisimamia wakati wa kupanda.

Jirani yangu alimwaga vidonge vya kuulia konokono kwenye matuta yake. Mbwa wake akavila, maana vidonge vile huchanganywa na nafaka ili konokono wavutiwe, na mbwa naye huvutiwa. Nilisikia kelele, nikavuka uzio. Mbwa alikuwa anatokwa mate, anatetemeka miguu yote, na mwili wake ulikuwa wa moto kweli kweli. Baadhi ya madawa hayo yana metaldehidi, ambayo huleta degedege ndani ya saa chache. Jirani alitaka kumnywesha maji ya chumvi ili atapike, nikamzuia. Chumvi yenyewe inaweza kumuua mbwa, na aliyeanza kutetemeka akitapishwa anaweza kupaliwa. Tulichukua pakiti ya dawa, tukampakia kwenye gari tukaondoka. Pakiti ni muhimu kuliko maelezo yako yote, kwa sababu daktari anasoma jina la sumu na kuanza tiba ya sumu hiyo.

Mbolea ya unga wa mifupa au wa damu nayo wanaipenda. Mbwa hufukua tuta zima, na akila nyingi inaweza kugandamana tumboni kama donge la saruji. Matunguu ya tulipu na dafodili yana sumu kuliko maua yake, kwa hiyo mbwa mfukuaji asiachwe peke yake siku ya kupanda.

Na kwa wanaosafisha stoo: sumu ya panya inayozuia damu kuganda haionyeshi kitu siku ile ile. Dalili huja siku tatu hadi tano baadaye, mbwa amelegea, ufizi umepauka, anatoka damu. Ukimwona ameila, nenda hata kama anacheza vizuri.

Kipusa

Mama Paka, naongezea la paka, na hili naliandika kwa uchungu kwa sababu naliona likijirudia. Watu wananunua dawa ya matone ya viroboto ya mbwa, wanampaka na paka. Nyingi za dawa hizo zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu. Mbwa anaihimili, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Rafiki yangu aliletewa paka wa ndugu yake akiwa katika hali hiyo: masikio yalikuwa yanachezacheza, kisha ngozi ya mgongo, kisha mwili mzima ukatetemeka bila kusimama. Walimwogesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kuondoa dawa, wakakimbia naye kliniki.

Mwenye mbwa na paka nyumba moja awatenganishe mpaka dawa ya mbwa ikauke kabisa, maana wanalala pamoja na kulambana.

Nuru

Kuhusu viroboto, wanaoonekana kwenye mwili ni sehemu ndogo tu. Mayai, mabuu na vifuko vyao viko kwenye zulia, kwenye nyufa za sakafu na kwenye matandiko, na kifuko kinaweza kukaa miezi kikisubiri joto. Mimi huwatibu wanyama wote wa nyumba kwa pamoja, nafua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, na navuta vumbi kila pembe. Ukimtibu mmoja, umepoteza fedha.

Mdau wa Mbwa

Swali: kupe mnawatoaje? Nimesikia wengine wanawapaka mafuta ya taa au wanawachoma na kiberiti.

Fundi Bustani

Usifanye hivyo mkuu. Kupe akisumbuliwa anaweza kutapikia ndani ya kidonda, na hicho ndicho kinachobeba vimelea. Chukua kibano chembamba au kile kidude maalumu cha kutolea kupe, mshike karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu moja kwa moja. Usimminye tumbo. Safisha mahali pale, kisha angalia kwa wiki kadhaa kama mbwa anachechemea, ana homa, au mkojo umekuwa mwekundu.

Kagua kila mnaporudi kutoka kwenye nyasi: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkanda wa shingo. Bakteria wa ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, kwa kawaida huhitaji kupe awe ameng'ang'ania saa 24 au zaidi, kwa hiyo ukaguzi wa kila jioni una faida ya kweli. Na usisubiri joto kali, kupe huanza kutembea nyuzijoto zikivuka tano tu hivi.

Mama Simba

Madirisha jamani! Paka wangu aliruka kumfuata ndege kutoka ghorofa ya tatu. Nilimkuta anatembea, hana jeraha la nje, na mpita njia akaniambia paka ana roho saba nimwache apumzike. Nilipomtazama nikaona anapumua haraka huku mdomo umefunguka kidogo. Paka hapumui kwa mdomo bila sababu. Picha ya eksirei ilionyesha hewa imevuja kifuani. Mwaka 1987 madaktari wa mifugo wa New York walichapisha taarifa ya paka 132 walioanguka kutoka majengo marefu. Asilimia 90 ya waliotibiwa walipona, lakini wengi walikuwa na majeraha ya kifua, na majeraha hayo huyaoni kwa nje.

Sasa kila dirisha lina wavu uliofungwa kwa skrubu, si ule wa mbu unaochanika kwa kucha. Na madirisha yanayofunguka kwa kuinama juu ni mtego: paka hupenya, huteleza kwenye ule mwanya na kubanwa tumbo.

Sungura Mweupe

Wenye sungura huwa tunasahauliwa. Nzi wakirudi, mkague sungura makalio asubuhi na jioni. Akiwa na kinyesi kilichoganda kwenye manyoya, nzi hutaga, na ndani ya siku moja mabuu yanaanza kumla ngozi akiwa hai. Nilimwona wa shangazi yangu amejikunja kona, hasogei. Tukamgeuza, tukayaona. Hapo hakuna dawa ya nyumbani, ni kliniki mara moja. Alipona, ila aliuguzwa muda mrefu. Wazee, wanene na wenye meno mabaya ndio wanaoshindwa kujisafisha, kwa hiyo wakaguliwe zaidi.

Na nyasi mbichi zianze kidogo kidogo. Tumbo lililozoea nyasi kavu likijazwa mbichi ghafla, linaharisha.

Mdau wa Mbwa

Ahsante Fundi. Wangu kila mwaka maua yakichanua analamba miguu mpaka manyoya yanageuka rangi ya kutu, na masikio yananuka. Nimpe dawa ya mafua ya watu?

Kipusa

Hapana kaka. Hiyo inaelekea kuwa mzio wa chavua, ambao mara nyingi huanza mbwa akiwa na umri kati ya mwaka mmoja na mitatu. Mfute miguu na tumbo kwa kitambaa chenye maji mnaporudi matembezini, na masikio yaangaliwe na daktari kwa sababu harufu ni dalili ya maambukizi. Dawa za watu ziache kabisa: parasetamoli kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa.

Nuru

Jua la machipuko linadanganya pia. Nje ikiwa nyuzi 24, ndani ya gari lililofungwa hufika 34 kwa dakika kumi na 43 kwa nusu saa. Kioo kilichoachwa wazi kidogo hakibadilishi kitu cha maana. Usimwache mbwa humo hata kama unaingia dukani mara moja.

Mama Paka

Mnanifurahisha, endeleeni. Kuna mwenye kobe? Wa rafiki yangu ameamka kutoka usingizi wa baridi na hataki kula.

Mzee wa Kobe

Aanze na maji, chakula kitafuata. Miezi yote ile taka zimekusanyika mwilini na figo zinahitaji kusafishwa. Amweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika kidevuni, asizidishe, kila siku, dakika 15 hadi 20. Atakunywa na kukojoa humo humo. Kisha apate joto la kutosha na mwanga, maana kobe baridi hawezi kusaga chakula. Amtazame mdomo kama una utando wa njano, macho kama yamevimba, na ampime uzito. Wiki ikipita hajala, ampeleke kwa daktari anayejua wanyama watambaao, si kila daktari wa mbwa anawajua. Amemuamsha lini, na chumba kina nyuzi ngapi?