Tupeane uzoefu: kiwanda cha wakubwa kinapopakana na mtaa wa wanyonge

Mvuvi wa Tudor
Wakuu, naomba uzi huu uwe wa maarifa ya kazi. Mfano wetu Pwani ni Owino Uhuru, Mombasa: mtaa wa watu wapatao 3,000, ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, madini yenye sumu, kati ya 2007 na 2014. Kiwanda cha aina hiyo hukioni Nyali, mtaa wa wenye nazo. Huwekwa pale ambapo wakazi hawana hati ya ardhi wala wakili, na aliyetia sahihi kibali chake haishi karibu na moshi huo. Anayejua hatua yoyote, kuanzia tanuri hadi mahakama, aieleze ili mtaa mwingine uwahi.

Fundi Tanuri
Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Betri hupasuliwa, tindikali ikamwagwa, sahani zikatiwa tanurini. Risasi yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selsiasi, lakini ule unga ulioganda kwenye sahani unahitaji joto kali zaidi ili urudi kuwa chuma, na hapo ndipo mvuke wa risasi hupaa. Ukipoa huwa vumbi jepesi mno, unasafiri na upepo.

Vifaa vya kulizuia vipo: tanuri lililofungwa, feni ya kuvuta moshi, mifuko ya kuchujia vumbi, tangi la kutuliza tindikali kwa chokaa. Vyote vinakula umeme na vipuri. Mwenye mali akijua hakuna wa kumuuliza, gharama hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa, na inayobaki hulipwa na jirani kwa damu ya mtoto wake.

Ukiwa nje ya ukuta, angalia haya: moshi unatokea mlangoni na paani badala ya kwenye bomba, tanuri linawashwa usiku tu, mabati ya majirani yanaoza upesi, wafanyakazi wanarudi nyumbani na ovaroli za kazini. Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Vumbi la nguo linatosha kumdhuru mtoto anayekumbatiwa.

Muuguzi wa Zamu
Naongezea upande wa afya. Pimeni damu ya mshipa. Tone la kidole huchafuliwa na vumbi la mkononi, kwa hiyo likitoa namba kubwa lazima lirudiwe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita moja ya damu chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kipimo cha mtoto kikifika 45 hupewa dawa ya kuitoa risasi mwilini. Dawa hiyo haina faida ya kudumu ikiwa mtoto anarudi kwenye vumbi lile lile.

Msichelewe kupima. Familia ikihama, risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ilhali ya mifupani hukaa miaka mingi. Kipimo cha baadaye kitaonyesha nafuu ambayo haipo, na upande wa pili utakishika kama ushahidi wao.

Nyumbani pigeni deki kwa kitambaa kibichi, msifagie kukavu. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Kuchemsha maji hakuondoi risasi hata kidogo.

Udongo Mwekundu
Sampuli ya udongo: sentimita 2 za juu tu, sehemu tano za uwanja mmoja, changanya, tia kwenye mfuko mpya, andika tarehe na mahali. Chukua nyingine mbali, upande ambako upepo unatokea. Bila hiyo ya kulinganisha utaambiwa risasi ilikuwepo tangu enzi za petroli ya zamani iliyotiwa risasi.

Karani wa Mahakama
Mnyonge hupigwa zaidi kwenye karatasi. Kanuni za Kenya za 2003 zinataka angalau mikutano mitatu ya hadhara na watakaoathirika wakati tathmini ya mazingira inafanywa, kisha tangazo magazetini na redioni, na siku 30 za kutoa maoni. Kinachotokea: mkutano unaitishwa kwa chifu siku ya kazi, watu wanatia sahihi daftari la mahudhurio, na orodha hiyo inaambatanishwa kama ridhaa. Kabla ya kutia sahihi, andika kando ya jina lako: "Nimehudhuria, sijaridhia." Piga picha ukurasa.

Leseni ikitoka, rufaa kwa baraza la kuamua migogoro ya mazingira (National Environment Tribunal) ina siku 60. Ripoti iombeni kwa barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Na kifungu cha 70 cha Katiba hakimlazimu mlalamishi kuthibitisha kwamba kuna aliyekwisha kuumia. Msisubiri mgonjwa.

Mkaazi wa Tanga
Ndugu karani, na huku Tanzania?

Karani wa Mahakama
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ndugu yangu. Kifungu cha 4 kinatoa haki ya mazingira safi, cha 5 kinakuruhusu kufungua shauri.

Shangazi wa Jomvu
Kesi ya Owino Uhuru, iliyopiganiwa na mwanaharakati wa mazingira Phyllis Omido na wenzake, ilifunguliwa 2016. Julai 2020 mahakama ikaamua fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka kumi.

Kwa hiyo msiishtaki kampuni peke yake. Kampuni hufungwa na wakurugenzi wakahama. Katika kesi hii taasisi za serikali zilizozembea ziliunganishwa, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikabebeshwa sehemu ya lawama. Ombeni amri ya kusafisha udongo kando na fidia. Na tangu siku ya kwanza wekeni daftari la kila mkaazi: jina, nyumba, miaka aliyoishi, namba ya kipimo cha damu. Wapangaji pia waandikwe, maana hao ndio huhama kwanza na kusahauliwa pesa zinapogawanywa.