Printa ya nyumba, intaloki au jiwe: ipi itamwachia mtu wa mjengo kazi?

MwalimuWaMwiko (Kisumu)
Hamjambo wanajukwaa. Nafundisha uashi hapa Kisumu na wanafunzi wamenibana. Wameona video za mashine inayochapa nyumba, sasa wanauliza kama bado kuna haja ya kujifunza kushika mwiko. Si hadithi za ng'ambo tu. Kule Kilifi, kwenye mradi wa Mvule Gardens wenye nyumba 52, kampuni ya 14Trees ilichapa kuta kwa mashine ya BOD2 kutoka Denmark. Kabla ya hapo, mwaka 2021, walichapa kuta za shule huko Salima, Malawi, kwa saa 18. Sisi huku tuna jiwe, tofali la kuchoma, na intaloki, yaani matofali ya udongo na simiti yanayoshikana. Naomba tulinganishe, na zaidi ya yote mniambie ujira unabaki kwa nani.

MzeeWaTimazi (Nakuru)
Mwalimu, hizo saa 18 ni za kuta peke yake. Mashine haipigi mabati, haivuti nyaya, haifungi dirisha wala choo. Hata kwa jiwe, mwenye nyumba hufurahi kuta zikifika ringi bimu, ule mkanda wa zege juu ya kuta, kumbe bado anadaiwa paa, plasta, vigae, stima na mabomba. Kwa hiyo printa inaharakisha sehemu ambayo hata zamani haikuwa inamaliza pesa. Na haitibu msingi mbaya. Hapa Nakuru kuna sehemu ardhi hupasuka na kutitia mvua kubwa ikinyesha. Hapo kwanza uchimbe, upime, ndipo uulize ukuta ni wa nini.

DadaWaSaiti (Kisumu)
Mzee, shikamoo. Kwa hesabu ya mwenye nyumba nakubaliana nawe. Kwa hesabu ya mfanyakazi, hapana.

Ukuta ndio unaolisha watu wa mkono. Asubuhi wanasimama nje ya saiti wakitoka mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga, kina mama wakiwemo, wakisubiri foromani achague. Kazi yao ni kukoroga, kubeba karai, kusogeza mawe, kumwagilia ukuta maji. Kwa printa, mchanganyiko hufika mkavu, mashine inaukoroga, pampu inausukuma hadi kwenye mdomo unaoulaza tabaka juu ya tabaka. Wanabaki watu wachache: wa kompyuta, wa pampu, na wa kukagua tabaka. Fundi wa paa na wa stima hawaguswi. Anayeondoka wa kwanza ni yule anayelipwa kidogo kuliko wote.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mafundi wengi ninaowafahamu hawakupitia darasani. Walianza na karai, fundi akawaachia mwiko kidogo kidogo, miaka ikapita, wakaja kufanya mtihani wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi, wakiwa tayari wanajua kazi. Tukiondoa nafasi ya mtu wa mkono, fundi wa kesho atajifunzia wapi? Hilo silioni kwenye hesabu za kampuni yoyote.

StimaNaNyaya (Kakamega)
Dada umenena, lakini tusisahau mgongo. Mfuko wa simiti ni kilo 50, na vumbi lake linaingia kifuani kila siku. Ndugu yangu ameacha mjengo akiwa bado kijana kwa sababu ya kubeba mawe. Mashine ikiondoa mzigo mimi nitaipokea. Ninachopinga ni mzigo kuondoka na mshahara. Kingine, stima ikikatika katikati ya kazi, zege inaanza kuganda ndani ya bomba. Nani huku atachapa bila jenereta?

MamaIntaloki (Vihiga)
Wanangu, mbona mnapita intaloki haraka hivyo? Kikundi chetu cha kina mama tunapiga kwa mashine ya mkono. Udongo wetu mwekundu tunauchuja, tunatia simiti kidogo, tunashindilia, tunafunika kivulini na kumwagilia hadi tofali likomae. Hatukati mti hata mmoja wa kuchomea, na tofali linashika jirani yake bila chokaa katikati, kwa hiyo simiti inapungua. Mwenye nyumba anatulipa sisi, nasi tunanunua unga kwa jirani.

Lakini nisifiche: ukilikausha juani kwa pupa, linamomonyoka. Msingi uinuke, paa litokeze nje vizuri. Na udongo mweusi wa nyanda za Kano, huko kwenu Kisumu, haufai kabisa, unavimba na kupasuka, kwa hiyo Mwalimu, huko italazimu mlete udongo kutoka kwingine.

MzeeWaTimazi (Nakuru)
Kweli, mama. Huku jiwe liko karibu, ndiyo maana hatujazoea intaloki. Ila jiwe laini linafyonza maji, na wachuuzi wengine hawakwambii.

MwalimuWaMwiko (Kisumu)
Nawashukuru sana. Mwiko na timazi vinabaki kuwa somo la kwanza. Nitaongeza upimaji wa mchanganyiko, pampu, na kusoma ramani kwenye kompyuta, ili printa ikifika isije na waendeshaji wake wote kutoka mbali. Na kwa kontrakta yeyote atakayetaka wanafunzi wangu, nitaomba kila saiti iweke nafasi za wanaoanza, zenye malipo, hata kama kuta zinachapwa.

Mama, naweza kuwaleta vijana Jumamosi waone intaloki?

MamaIntaloki (Vihiga)
Karibuni sana. Waje na gambuti, na wafike mapema kabla jua halijawa kali. Udongo tumeshauchuja, watapiga wenyewe.