Nightwish, "End of an Era": nianze na tamasha au makala?

mgeni_wa_metali:
Wakuu, habari zenu. Nimepata DVD ya Nightwish, ile bendi ya metali ya Finland, inaitwa End of an Era. Ndani kuna tamasha zima la Helsinki, halafu kuna makala ya video, A Day Before Tomorrow. Nasikia nyuma yake kuna kisa. Nianze na ipi?

kinanda_cheusi:
Tamasha kwanza, mkuu. Kisa chenyewe si siri, jina la filamu, yaani "mwisho wa enzi", limeshakitangaza. Onyesho lilikuwa Hartwall Areena, tarehe 21 Oktoba 2005, kufunga ziara ya albamu ya Once. Wale wanaume wanne wa bendi walikuwa wameshaiandika barua ya kumwachisha kazi mwimbaji wao, Tarja Turunen. Wakapiga naye onyesho lote, wakakumbatiana, ndipo wakamkabidhi. Kesho yake barua ikawa kwenye tovuti yao, kila mwenye intaneti anaisoma. Mpaka leo mashabiki wanagombana kuhusu lile la kuianika hadharani, na mimi niko upande wa wanaosema haikuwa lazima.

Ukishayajua hayo, humtazami tena mwimbaji peke yake. Mimi jicho langu liko kwa Tuomas Holopainen, mtunzi na mpiga kinanda. Subiri wafike "Kuolema tekee taiteilijan". Wimbo wa taratibu, Tarja anaimba Kifini, na kinanda cha Tuomas kinamsindikiza. Anamsindikiza kweli, hakosei hata noti, na barua iko tayari! Hapo huwa narudisha nyuma.

Makala yenyewe inaifuata bendi siku za mwisho kabla ya onyesho. Ukianza nayo utaliangalia tamasha kipelelezi, na muziki utakupita.

gizani:
Tamasha safi, sibishi. Ila hiyo ni metali ya simfoni, yaani yenye sauti za okestra. Kama mgeni anataka gothiki hasa, metali ya giza na huzuni, atafute Symphony for the Lost ya bendi ya Paradise Lost, iliyorekodiwa Septemba 2014 Plovdiv, Bulgaria, kwenye ukumbi wa wazi wa enzi za Warumi, na okestra nyuma yao. Hawa ndio waliotoa albamu ya Gothic mwaka 1991, wengine wote wamewakuta.

kinanda_cheusi:
@gizani ugomvi wa majina nakuachia, Plovdiv naikubali. Mgeni, kitu kimoja: karibu na mwisho anapanda John Two-Hawks na filimbi yake, kisha wanaingia "Creek Mary's Blood". Wengi huruka pale wakikimbilia "Wish I Had an Angel". Usiruke.

mgeni_wa_metali:
Shukrani, wakuu. Baada ya Tarja nani alishika maiki?

kinanda_cheusi:
Anette Olzon, mwaka 2007. Tangu 2012 ni Floor Jansen, na kwa sauti ya jukwaani huyo hana mpinzani. Anzisha uzi mwingine tumjadili.