Babu ni fundi wa majahazi, mimi mhandisi. Nimwombeje vipimo vyake?

Mjukuu_wa_Tezo
Asalaam aleikum wakubwa na wadogo. Nilimaliza uhandisi wa mitambo mwaka juzi, kazi sijapata, nimerudi nyumbani Lamu. Babu yangu mzaa mama anajenga majahazi na mashua Matondoni tangu mama hajazaliwa. Hana mchoro hata mmoja. Analaza mkuku (uti wa mgongo wa chombo), anasimamisha fashini (nguzo za mbele na nyuma), ananyosha uzi, anafumba jicho moja, kisha anamwambia kijana wake, "Punguza hapo kidogo." Siku moja niliipima hiyo "kidogo" kwa siri. Milimita 4. Nikaenda upande wa pili wa chombo, nikakuta ni sawasawa.

Nataka kupiga picha chombo kimoja tangu mkuku hadi siku ya kukishua, programu iziunganishe ziwe umbo la pande tatu, halafu nipige hesabu kinaweza kuinama kiasi gani kabla hakijapinduka. Baadaye niwafundishe fizikia vijana wa sekondari kwa jahazi wanaloliona kila siku. Kuna ruzuku ya vijana wabunifu, maombi yanafungwa baada ya wiki 3.

Babu amekataa. Aliuliza swali moja tu: "Na hilo jahazi la ndani ya kompyuta, mwenyewe nani?" Nikakosa jibu. Mama anasema nipige picha tu akienda kuswali. Nishaurini.

BintiAmu
Mama yako nampenda bure, lakini hapo amekupoteza. Kwetu alikuja mtu akakaa wiki mbili, akala kwetu, akapima mashua ya babu yangu ubao kwa ubao, akaaga. Hatukuona kitabu wala barua. Wazee hawasahau. Huyo babu hakukatai wewe, anamkataa yule.

Keekee_Unguja
Mie mchonga milango. Swali la babu ni swali la kazi kabisa, usilichukulie kama ushamba. Miaka ya nyuma nilimruhusu mtu, jina naliacha, achukue nakshi za kizingiti nilichokichonga kwa patasi miezi miwili. Sasa mashine inazitoa kwenye mbao laini, na mimi niliitwa kwenda kupiga msasa! Mashine siichukii, leo ninayo yangu ndogo. Inanisafishia uwanda, yaani sehemu tambarare kati ya nakshi, mistari ya mwisho napitisha patasi mwenyewe. Tofauti ni kwamba safari hii faili liko kwangu.

Mhandisi_Kilindini
Kenya tuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Inataka ridhaa ya wenye maarifa kabla hayajatumiwa, na serikali za kaunti zina kazi ya kuweka rejista. Lakini sheria hiyo inaitazama zaidi jamii, kwa hiyo ya wewe na babu yaandikeni wenyewe, karatasi moja, Kiswahili chepesi, mashahidi wawili.

Sasa la kitaalamu, maana naona unakimbilia kamera. Acha milimita kwanza. Mzee wako anapima kwa shibiri (kiganja kilichotanuliwa) na dhiraa (kiwiko hadi ncha ya kidole): shibiri 2 dhiraa moja, dhiraa 4 pima moja. Ukigeuza kila kitu kuwa mita siku ya kwanza, unapata namba na unapoteza kanuni. Muulize mkuku wa dhiraa kadhaa unadai upana gani, fashini ilale kiasi gani, na mzigo ukiwa wa mawe badala ya boriti anabadilisha nini. Majibu hayo ndiyo fomula. Ukiyaingiza kwenye programu, unabadilisha urefu wa mkuku na chombo kizima kinajirekebisha chenyewe. Picha elfu moja zitakupa jahazi moja. Kanuni zake zitakupa yote aliyowahi kujenga, na ambayo hajajenga.

Mpemba_Muscat
Mnaongea kama muda tunao. Mtepe, chombo chetu cha kushonwa, uliishia karne iliyopita. Waliotaka kuujenga upya walitegemea modeli na picha, maana fundi wa kumuuliza hayupo. Mtepe ule wa Unguja uliwekwa kwenye makumbusho ya Beit al-Ajaib, na Desemba 2020 sehemu ya jengo lenyewe ikaporomoka. Huku Oman walijenga chombo cha kushonwa kwa kamba za nazi kwa kufuata mabaki ya meli ya kale iliyozama, kikasafiri Muscat hadi Singapore mwaka 2010. Heshima kubwa, lakini gharama ya kumuuliza maiti si ndogo. Wewe wako yu hai na anakuuliza maswali. Ridhaa ndiyo, ila usilale.

BintiAmu
Tena mfano uko mlangoni kwako: Flipflopi, jahazi la plastiki. Mkuku na mataruma (mbavu za chombo) ya plastiki iliyorejelezwa, tani kama 10, juu yake kandambili 30,000. Ilishuliwa hapa Lamu 2018, mwaka uliofuata ikaenda Zanzibar, kilomita 500. Plastiki haina nyuzi kama mbao na jua likiiwakia inatanuka, bado ilichongwa kwa mkono, na jina la fundi Ali Skanda likatajwa kama mwanzilishi mwenza. Hakuandikwa "msaidizi wa eneo husika". Kwenye fomu yako babu umemwandika nani?

Mjukuu_wa_Tezo
BintiAmu umenishika pabaya. Nilimwandika "chanzo cha taarifa".

Nimerudi na habari. Nilimsomea karatasi, akaisikiliza yote, akaongeza masharti yake: kila umbo lihifadhiwe kwake kwanza, asiyetoka Matondoni asipewe bila yeye kuulizwa, na mimi nianze na kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba, kwenye mashua ya jirani. Laptopu isikaribie sifa. (Kwa wa bara: sifa ni mafuta ya papa, harufu yake haitoki.) Jana kwa hiari yake akaniambia kwa nini taruma la tatu kutoka mbele huwa analizidisha unene. Hapa siandiki, nimeahidi.

Fomu nimeibadilisha, yeye ndiye mtaalamu mkuu. Tatizo jipya: fomu haiendi ukurasa wa pili bila barua pepe ya mtaalamu mkuu, na babu hana hata simu ya kioo. Nimfungulie?

Keekee_Unguja
Mfungulie. Neno la siri achague yeye, nawe ugeuke utazame ukuta.