Mrejesho: wadudu mafuta kwenye sukuma wiki, Moshi

Ndugu zangu, asanteni sana. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu sukuma wiki zangu za nyuma ya nyumba, hapa Pasua, zilizojikunja majani kwa wadudu mafuta, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa majani.

Nilifuata ushauri wa sabuni: kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji kwa lita 1, napuliza jioni chini ya jani, maana ndiko wanakokaa. Nilirudia kila baada ya siku 4, na safari ya tatu zikachipua safi. Majivu hayakunisaidia, mvua iliyasomba usiku uleule.

Kwenye nyanya nimeshindwa. Kantangaze, yule kiwavi mdogo wa nondo anayeshambulia nyanya, anachimba ndani ya jani, sabuni haimfikii. Miche 6 nimeing'oa nikaichoma.

Dada uliyesema nifuatilie sisimizi, Mungu akubariki: walikopanda ndiko wadudu walikojaa.